Nadharia ya Namba: Hesabu za Shule ya Msingi Zinapodaiwa Uthibitisho

Nadharia ya namba ni tawi la hisabati linalochunguza namba kamili na namna zinavyogawanyika. Vyuo vikuu kwa kawaida huifundisha kwa muhula mmoja, kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ya hisabati na kwa walimu watarajiwa wa somo hilo. Kijana aliyesoma hisabati hadi kidato cha sita Kahororo au Ihungo, Bukoba, huifikia akiwa ameshapitia kalkulasi, vekta na namba changamano. Hata hivyo, mihadhara ya mwanzo humrudisha kwenye mambo aliyofundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi: vigawo, vigawe, namba tasa, kigawo kikubwa cha shirika (KKS) na kigawe kidogo cha shirika (KDS). Kule alidaiwa jibu. Chuoni anadaiwa kuthibitisha kwamba jibu hilo litakuwa sahihi daima.

Kugawanya na baki

Kozi huanza na kanuni moja: namba kamili yoyote ikigawanywa kwa namba kubwa kuliko sifuri, hupatikana hisa moja tu na baki moja tu, na baki huwa dogo kuliko kigawanyi bila kushuka chini ya sifuri. Juu ya kanuni hiyo imejengwa njia ya Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki aliyeishi miaka ipatayo 2,300 iliyopita. Tuseme inatafutwa KKS ya 391 na 299. Kuzichambua kwa kujaribu 2, 3, 5 na 7 hakusaidii, kwa kuwa hakuna hata moja inayozigawa. Euclid hugawanya tu: 391 kwa 299 hubakiza 92; 299 kwa 92 hubakiza 23; 92 kwa 23 haibakizi kitu. KKS ni 23. Kisha mwanafunzi huonyeshwa kuirejea hesabu hiyo kinyumenyume na kupata 4 × 299 − 3 × 391 = 23, tokeo litakalotumika tena na tena hadi mwisho wa muhula.

Namba tasa

Kila namba kubwa kuliko 1 ama ni tasa au ni zao la namba tasa, tena kwa namna moja tu, mpangilio wake usipohesabiwa. Wengi huliona jambo hili dhahiri, lakini kulithibitisha kunahitaji hatua kadhaa za makini.

Euclid alithibitisha pia kwamba namba tasa hazina mwisho. Ziorodheshwe namba tasa zozote, zizidishwe zote, kisha iongezwe 1. Tokeo hilo likigawanywa kwa yoyote iliyo kwenye orodha hubakiza 1. Kwa hiyo vigawo vyake tasa viko nje ya orodha. Wanafunzi wengi hudhani tokeo lenyewe lazima liwe tasa. Sivyo: 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 + 1 ni 30,031, ambayo ni 59 × 509.

Hesabu za baki

Mwaka 1801 Mjerumani Carl Friedrich Gauss, akiwa na umri wa miaka 24, alichapisha kitabu cha Kilatini, Disquisitiones Arithmeticae, kilichozipa hesabu za baki utaratibu unaofuatwa hadi leo. Namba mbili huhesabiwa kuwa sawa zikiwa na baki lilelile zinapogawanywa kwa kigawanyi kimoja. Saa hufuata mtindo huo kwa 12: meli ikiondoka Bukoba saa tatu usiku na kusafiri kwa saa kumi, itafika Mwanza saa moja asubuhi, maana 3 + 10 ni 13, na 13 kwa 12 hubakiza 1.

Kwa njia hii mwalimu wa Muleba anaweza kumweleza mwanafunzi kwa nini namba hugawanyika kwa 9 jumla ya tarakimu zake inapogawanyika kwa 9. Namba 10, 100 na 1,000 zote hubakiza 1 zikigawanywa kwa 9. Hivyo 4,572 ina baki sawa na 4 + 5 + 7 + 2, yaani 18, ambayo haibakizi kitu.

Kutoka Fermat hadi siri za intaneti

Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alieleza kwamba namba isiyogawanyika kwa namba tasa p, ikipandishwa kwa kipeo cha p − 1 na kugawanywa kwa p, hubakiza 1. Kwa mfano, 2 kwa kipeo cha 6 ni 64, na 64 kwa 7 hubakiza 1. Mwanahisabati Leonhard Euler aliipanua theoremu hiyo, na mwaka 1977 wataalamu Rivest, Shamir na Adleman waliitumia kubuni njia ya kuficha ujumbe iitwayo RSA.

Mfano mdogo hutosha kuionyesha. Zao la 3 na 11 ni 33. Hilo hutangazwa pamoja na kipeo 3. Anayetuma siri 4 huipandisha kwa kipeo cha 3, akapata 64, na baki lake kwa 33 ni 31. Hiyo 31 ndiyo inayosafiri. Mpokeaji ana kipeo cha siri 7. Akipandisha 31 kwa kipeo hicho na kugawanya kwa 33, baki ni 4. Kipeo 7 hupatikana kwa (3 − 1) × (11 − 1), yaani 20, kwa sababu 3 × 7 kwa 20 hubakiza 1. Mdukuzi anayekitaka kipeo hicho huhitaji kwanza kuichambua 33. Katika matumizi halisi, kama yale ya intaneti, zao hilo huwa na tarakimu zaidi ya 600, na kompyuta za leo haziliwezi.

Kuisoma

Kukariri fomula hakumfikishi mwanafunzi mbali. Anayefaulu hujaribu kwanza namba ndogo, huona utaratibu, hukisia kanuni, kisha huithibitisha kwa maneno kamili. Mantiki aliyoisoma kidato cha tano humsaidia zaidi kuliko kikokotoo. Tena mifano mingi bado si uthibitisho: mwaka 1742 mwanahisabati Christian Goldbach alikisia jambo ambalo leo husemwa hivi, kwamba kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. Kompyuta zimepima mabilioni ya mabilioni ya namba bila kukuta hata moja inayokataa, lakini mpaka sasa hakuna aliyelithibitisha.