Mödlareuth: Kijiji kidogo kilichojengewa ukuta wake

BERLIN ndiyo hutajwa kila panapozungumzwa ukuta uliowatenga Wajerumani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mbali kusini mwa jiji hilo, mahali jimbo la Bavaria linapopakana na lile la Thuringia, kipo kijiji cha wakulima chenye wakazi wapatao 50 ambacho nacho kilijengewa ukuta. Kijiji hicho ni Mödlareuth. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakishika doria mpakani walikibandika jina la ‘Berlin Ndogo’.

Katikati ya kijiji hupita kijito cha Tannbach. Si kijito cha kumtisha mtu. Mtoto wa shule anaweza kukiruka bila kulowesha viatu. Hata hivyo, mwaka 1810 watawala waliamua kwamba hapo ndipo ardhi zao zitakapotengana, na mawe ya mpaka yakasimikwa kando ya maji. Ng’ambo moja ikawa ya Ufalme wa Bavaria, ya pili ikawa ya watawala wa Reuss, ambao milki yao iliingia katika jimbo la Thuringia mwaka 1920.

Kwa zaidi ya karne moja, mpaka huo ulikuwa jambo la makarani na watoza ushuru. Wanakijiji wenyewe hawakuujali. Shule ilikuwa moja, na baa pia moja, zote upande wa Thuringia. Kwenda kanisani, watu walielekea Töpen, upande wa Bavaria. Shamba la mtu liliweza kuwa ng’ambo ya pili ya nyumba yake, na hakuna aliyeona ajabu.

Mambo yaligeuka baada ya Ujerumani kushindwa vitani mwaka 1945. Mataifa yaliyoshinda yaliigawa nchi katika kanda za utawala, na katika eneo hilo yalifuata mipaka ya zamani ya majimbo. Hivyo Thuringia ikawa chini ya Muungano wa Kisovieti na Bavaria chini ya Marekani. Mwaka 1949 kanda hizo zilizaa mataifa mawili, na kijito kilichorukwa na watoto kikawa mpaka wa Ujerumani Mashariki na Ujerumani Magharibi.

Pigo kubwa lilitua mwaka 1952. Mnamo Mei serikali ya Mashariki ilitangaza eneo la upana wa kilomita tano kandokando ya mpaka wake wote kuwa la vizuizi. Ndani yake, ukanda wa mita 500 za mwisho ulikuwa na masharti makali zaidi: kutoka nje usiku kulipigwa marufuku, na hata jamaa wa karibu hakuweza kuja kumtembelea nduguye bila kibali. Mödlareuth Mashariki yote ilikuwa ndani ya ukanda huo.

Mwezi uliofuata, familia zilizoshukiwa kuwa haziipendi serikali ziling’olewa makwao na kupelekwa mbali na mpaka. Katika mpaka mzima waliohamishwa kwa nguvu walikuwa zaidi ya watu 8,000, na Mödlareuth haikusazwa. Operesheni hiyo ilipewa jina la siri lenye maana ya wadudu waharibifu. Jina hilo peke yake latosha kueleza jinsi wakuu wa siku hizo walivyowatazama raia wao.

Kwanza ulijengwa ua wa mbao, kisha seng’enge. Mwaka 1966, miaka mitano baada ya ule wa Berlin, ulisimamishwa ukuta wa zege wenye urefu wa mita 700 hivi na kimo cha zaidi ya mita tatu. Taa kali ziliumulika usiku kucha. Wakazi wa Mashariki walikatazwa hata kuwapungia mkono majirani wa ng’ambo. Wa Magharibi waliweza kupunga watakavyo, lakini aliyethubutu kuvuka kijito alihatarisha kukamatwa, kwa kuwa ukuta wenyewe ulijengwa ndani ya ardhi ya Mashariki na mpaka halisi ulikuwa mbele yake.

Mwaka 1973 mwanamume mmoja alifaulu kuuparamia kwa ngazi na kutorokea Magharibi. Mnamo Februari 5, 1983, George Bush, wakati huo akiwa makamu wa rais wa Marekani, alifika upande wa Bavaria kuutazama.

Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa Novemba 9, 1989, ule wa Mödlareuth uliendelea kusimama. Wanakijiji walingoja mwezi mzima hadi Desemba 9, walipofunguliwa njia ya kupita kwa miguu. Tingatinga lilifika Juni 17, 1990 na kuubomoa, miezi michache kabla ya mataifa hayo mawili kuungana Oktoba 3.

Hata hivyo haukubomolewa wote. Mita 100 hivi ziliachwa makusudi, pamoja na mnara wa ulinzi na ua wa chuma, na sasa ndizo kiini cha jumba la makumbusho linalokivutia kijiji hicho wageni wengi kupindukia idadi ya wenyeji. Mnamo 2015 televisheni ya Ujerumani ilionyesha mchezo wa kuigiza uitwao ‘Tannbach’, kuhusu kijiji cha kubuni kilichochorwa kwa mfano wa Mödlareuth.

Mpaka wa majimbo, lakini, ungalipo palepale kijitoni. Kijiji kina misimbo miwili ya posta, na magari ya majirani hubeba nambari za usajili za wilaya tofauti. Hata sikukuu haziwiani. Januari 6 watu wa Bavaria hupumzika ilhali wa Thuringia huenda kazini. Oktoba 31 ni zamu ya Thuringia kupumzika, na Bavaria hungoja hadi kesho yake.