Ukikatwa sana na hospitali iko mbali

Wakati wa kutayarisha mashamba, panga na jembe ziko mikononi kila siku, na sisi wa vijiji vya pembeni hapa Nakivale tunajua usiku wa mvua pikipiki haipatikani haraka. Kwa hiyo tuongee juu ya jeraha la kuingia ndani, lile ambalo damu haitaki kusimama.

Niliuliza darasani: "Mtu akijikata mguu na panga, utafanya nini?" Mikono ilipanda mingi. Mmoja akasema majivu. Mwingine unga wa kahawa, mwingine udongo, mwingine petroli, na kuna aliyesema dawa ya meno. Hawakuvitunga, waliviona nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyesema kugandamiza, na kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Damu inasimama mshipa ukibanwa, halafu damu yenyewe ikipata dakika kadhaa za kutulia na kuganda. Majivu hayabani mshipa. Yanaingiza uchafu tu, na huko hospitali muganga atalazimika kuyaosha yote kabla ya kushona. Mgonjwa anaumia mara mbili.

Basi mlaze mtu chini. Vaa mkononi mfuko safi wa plastiki, kaveera kama wanavyoita hapa, ili damu yake isikuguse. Chukua kitambaa kilicho safi kuliko vingine vilivyo karibu, kitenge au fulana, kiweke pale pale damu inapotokea na ugandamize kwa nguvu kwa mikono miwili. Tazama saa au simu: dakika 10 kamili bila kufunua. Hapa ndipo wengi tunashindwa, maana kila jirani anayefika anasema "hebu tuone"! Kila ukifunua, unang'oa damu iliyoanza kuganda na unaanza upya. Damu ikipenya, ongeza kitambaa cha pili juu ya kile cha kwanza, ugandamize zaidi.

Shimo likiwa refu, kwenye paja, kwenye kinena au kwapani, sukuma kitambaa ndani mpaka kijae, ndipo ugandamize. Tumbo na kifua havijazwi namna hiyo. Na kama kuna kipande cha chupa au mti kimechoma ndani, usikichomoe. Bana pembeni zake.

Sasa ile desturi ya kufunga kamba. Wengine wanaifunga kwa kila jeraha, wengine wanaiogopa kabisa. Inafaa kwa mkono au mguu tu, pale damu inaporuka kwa mapigo kama moyo, au kugandamiza kumeshindwa. Kamba nyembamba inakata nyama. Tumia kitambaa kipana kama vidole vitatu, ufunge juu ya jeraha kwa sentimita 5 hadi 7, upande wa moyo, wala si juu ya goti au kiwiko. Piga fundo, weka kijiti kigumu, zungusha mpaka damu isimame kabisa, halafu ufunge kijiti kisirudi nyuma. Atalia, itauma sana. Ukifunga nusu nusu damu inazidi kutoka, afadhali usingefunga. Andika saa uliyofunga kwenye ngozi yake kwa kalamu, na usilegeze njiani. Saa 2 zikipita mguu wenyewe unaanza kuwa hatarini, kwa hiyo hapo ni kukimbia.

Kwa mtoto msichelewe hata kidogo. Mtu mzima ana karibu lita 5 za damu. Mtoto wa kilo 10 ana kama mililita 800 tu, haijazi chupa ya lita moja. Damu ambayo baba anaipoteza na bado anasimama, inaweza kumuua mtoto.

Damu ikisimama, funga kitambaa kwa nguvu kiasi, vidole vibaki na joto. Kwenye pikipiki mmoja akae nyuma ya mgonjwa aendelee kubana. Lakini mtu mwenye jasho baridi, midomo iliyopauka na anayeanza kusema ovyo hafai kukalishwa. Mfunike blanketi, msimpe chakula wala kinywaji, mbebeni amelala kwa machela, ile engozi ya majirani wetu Wanyankole.

Kuna wanaosema damu imesimama, basi tubaki nyumbani. Mwambie akunje na kunyoosha kila kidole. Kikikataa, au kimekufa ganzi, kano au mshipa wa fahamu umekatika, na bila kushonwa vizuri mkono huo hautashika jembe tena. Kushona nyumbani kwa uzi wa nguo hapana, mnafungia uchafu ndani.

Jambo la mwisho ni pepopunda. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na mavi ya wanyama, na ugonjwa kwa kawaida unatokea kati ya siku ya 3 na ya 21, wakati kidonda labda kimeshakauka. Mama zetu wengi walichanjwa walipokuwa na mimba, na watoto wanachanjwa kliniki. Baba na vijana wa kiume, ndio wenye panga, wengi wao hawajapata sindano hiyo tangu utoto, au hawajaipata kabisa. Kwa jeraha chafu, sindano ya zaidi ya miaka 5 iliyopita inahitaji nyingine, kwa hiyo nendeni na kadi kama ipo, na kama haipo nendeni vivyo hivyo. Kidonda kikizidi kuvimba na kuuma baada ya siku mbili, kikitoa usaha au homa ikianza, rudini kwa muganga. Taya likikaza mtu akashindwa kufungua mdomo, msingoje asubuhi.