Fahamu: Kisima cha kijiji kikiharibika, nani anagharamia?

Bukundi, wilayani Meatu, hakuna maghorofa ya kugombania lifti. Mali ya pamoja hapa ni maji. Koki ikivuja, wengi hukimbilia kwa mwenyekiti wa kijiji, na hapo ndipo wanapokosea mlango.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inakabidhi uendeshaji wa mradi kwa chombo cha watumiaji maji kilichosajiliwa. Hicho ndicho kinachokusanya hela za ndoo, kumlipa fundi na kununua vipuri. RUWASA, wakala wa maji vijijini, husaidia matengenezo makubwa yanayokizidi uwezo.



Kwa hiyo pampu ikizima, ulizia kwanza daftari la makusanyo la chombo hicho.