Mgonjwa wa Nyumbani ni Mzigo wa Nani?

Katika Mngeta, kama katika vijiji vingine vya bonde la Kilombero, mgonjwa asiyetarajiwa kupona upesi hutunzwa nyumbani. Hospitali humpokea siku chache. Miaka iliyobaki ni ya mama yake, mkewe au bintiye. Jambo hilo ni fahari ya desturi zetu, lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: sisi tunaousifu utunzaji huo mara nyingi si sisi tunaoubeba.

Yafaa basi tumkumbuke daktari aliyeutambua uzito wake. Mwaka 1960 Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero. Aliwakuta wagonjwa wakitengwa, kwa kuwa watu waliamini kwamba mate yao huambukiza. Aliwapa fenobabito, dawa isiyo ghali, na wengi wakapata nafuu. Lakini dawa hiyo humezwa kila siku kwa miaka mingi. Nani ataisimamia, kama si mtu wa nyumbani?

Mwaka 1992 yeye na Dk. Henry Rwiza walitoa habari za wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa miaka 30. Wagonjwa 110 walikuwa wamekwisha kufa, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilihusiana na kifafa chenyewe. Wako waliozama majini, na wako walioungua moto. Hivyo si vifo vya wodini, ndugu msomaji. Ni vya mtoni na jikoni. Msimu wa mpunga ufikapo, jamaa wakahamia mashamba ya mbali, nani abaki akimwangalia mgonjwa?

Mwaka 2011 Taasisi ya Afya Ifakara ilianza kuweka katika vijiji vya Kilombero, Ulanga na Rufiji wahudumu wa afya waliofunzwa na kulipwa, hasa kwa ajili ya mama na mtoto. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa jamii kwa nchi nzima. Njia ndiyo hiyo. Twasema mhudumu huyo aingie pia nyumba ya mwenye kifafa, ya aliyepooza na ya mkongwe asiyeinuka kitandani; naye apewe dawa zisizokatika na malipo yasiyokawia.

Kumsifu mama anayeuguza ni rahisi. Kumpokea zamu ndiko kumheshimu.