Sheshe wa Malinyi na Maji ya Udzungwa

Mtalii akitajiwa hifadhi ya wanyama, aghalabu huwazia uwanda mkavu wenye simba na pundamilia. Safari ya kutoka Mang'ula hadi Malinyi, katika bonde la Kilombero, itamwonyesha mambo mengine kabisa.

Mang'ula iko chini ya Milima ya Udzungwa, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1992. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima hiyo, hupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mvua. Katika msitu huo huishi ngolaga wa Sanje, kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa wakimjua kwa jina.

Mito ya milimani hushuka bondeni. Msafiri huvuka daraja la Kilombero, lililochukua nafasi ya kivuko, akapita Lupiro na Mtimbira hata Malinyi, ambako miombo hupakana na mbuga. Neno hili mbuga hapa lina maana yake ya asili, yaani ardhi tambarare ya udongo mzito, ifurikayo wakati wa masika.

Hapo ndipo makao ya sheshe, swala mwekundu aliye jamaa ya kuro. Masika maji yanapotanda, sheshe husogea kwenye kingo za mbuga. Kiangazi maji hurudi nyuma, na nyasi mbichi huchipua nyuma yake, wakati miombo imekwisha kauka. Sheshe huyafuata maji. Basi mnyama huyu mmoja anahitaji mahali pawili.

Tatizo ni kwamba pote pawili pana wenyewe. Kingo zifaazo kwa sheshe wakati wa masika ndizo zifaazo kwa mpunga, na majani yake ya kiangazi ndiyo yatafutwayo na ng'ombe. Katika miaka ya 1990 ilikisiwa kwamba takriban robo tatu ya sheshe wote duniani walikuwa katika bonde hili. Tangu hapo wamepungua mno, ijapokuwa ardhioevu hii iliingizwa katika Mkataba wa Ramsar mwaka 2002. Mpaka wa Hifadhi ya Udzungwa nao hukoma milimani: humlinda ngolaga, na chemchemi za maji, lakini sheshe yuko nje yake.

Mwalimu apelekaye wanafunzi mbugani, baada ya kupata kibali, achague mwezi wa Septemba au Oktoba, alfajiri. Wahesabu madume na majike kando kando. Dume peke yake ndiye mwenye pembe.