Masasisho Yasiyobisha Hodi

Katika siku za mwisho za mwezi wa Juni, ambapo kila Mkenya mwenye namba ya kodi hutakiwa kuwasilisha taarifa ya mapato yake kwa Mamlaka ya Mapato kabla ya tarehe 30 kupita, vyumba vya saiba vya Runyenjes hujaa walimu, wakulima wa chai na kahawa, waendesha bodaboda na vijana waliomaliza shule, kila mmoja akingoja zamu yake mbele ya kompyuta. Ikiwa saa kama hiyo kompyuta itajizima bila ya idhini ya mtu, ikajiwasha tena, na kuandika kiooni kwamba inapokea masasisho na isizimwe, hakuna fasaha ya mtaalamu itakayomridhisha aliyekuwa amefika nusu ya fomu yake. Naye, kwa insafu, hana taksiri yoyote akighadhibika. Ghadhabu hiyo ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa na wale wanaotengeneza mitambo hii, kwani ndani yake mna taarifa kamili ya kile mtumiaji alichokitarajia na hakukipata.

Kwa ajili ya msomaji asiyeshughulika na mambo haya, yafaa kwanza tueleze kwamba kila kompyuta huongozwa na programu moja kubwa iitwayo mfumo endeshi, ambayo ndiyo inayopokea amri za vidole vyetu, kutunza mafaili yetu na kuzipa programu nyingine nafasi ya kufanya kazi. Mfumo huo umeandikwa na wanadamu, tena kwa mamilioni ya mistari, na kwa hiyo hauwezi kukosa dosari. Baadhi ya dosari hukera tu, na baadhi ni milango iliyosahauliwa wazi ambamo wezi wa mbali hupenya. Sasisho ni sahihisho la dosari hizo. Zamani, masahihisho ya miezi mingi yalipokusanyika, kampuni ya Microsoft iliyafunga yote pamoja katika furushi moja kubwa, ikalipa namba, na kulitoa bure kwa kila aliyenunua mfumo wake. Mfumo wa Windows XP, uliotoka Oktoba 2001, ulipata mafurushi matatu ya namna hiyo: la kwanza Septemba 2002, la pili Agosti 2004, na la tatu mwaka 2008.

Furushi la pili lastahili kusimuliwa kwa kituo, maana ndilo lililobadili matarajio ya watu. Tarehe 16 Julai 2003 Microsoft ilitoa sahihisho la mlango mmoja uliokuwa wazi katika Windows. Wachache walilichukua, na tarehe 11 Agosti, hata mwezi haujatimia, kirusi kiitwacho Blaster kikapita katika mlango ule ule na kuenea ulimwenguni, kikizimisha kompyuta za watu mbele ya macho yao. Ikadhihirika kwamba dawa kuwapo si sawa na dawa kunywewa. Microsoft ikawaondoa wahandisi wengi katika kazi ya kuandaa toleo jipya la Windows, ikawaweka kuuziba mfumo uliopo, na matunda yake yakawa furushi ambalo kwa mara ya kwanza liliiwasha ngome ya kuzuia maingilio bila ya kungoja mtumiaji aombe, likaweka ukumbusho wa usalama pembeni mwa kioo, na kuyazuia matangazo yaliyokuwa yakichomoza ovyo katika kivinjari. Baadhi ya programu zilizozoea uholela wa zamani zilikataa kufanya kazi chini ya amri hiyo mpya, na malalamiko hayakukosekana. Hata hivyo, kwa rai yangu, hakuna furushi jingine lililotoa faida kubwa kama hilo kwa watu wasiojua hata kwamba lipo.

Sasa tulitazame furushi hilo kutoka mteremko wa kusini-mashariki wa Mlima Kenya, ilipo Runyenjes. Uzito wake ulikuwa megabaiti 266 hivi. Mwaka 2004 Kenya haikuwa na waya wowote wa baharini wa kuiunganisha na dunia. Mawasiliano yake ya intaneti yalipanda angani kwa setilaiti na kushuka kwa gharama isiyosemeka, mpaka waya wa TEAMS ulipofika Mombasa Juni 2009 na ule wa SEACOM ukaanza kazi Julai ya mwaka huo huo. Mwenye kompyuta aliyetumia laini ya simu ya kawaida, hata kama laini hiyo ingefanya kazi kwa ukomo wa nguvu zake bila ya kukatika, angehitaji zaidi ya saa 10 kulipakua furushi lile. Na yeyote aliyeishi Embu zama hizo anajua kwamba laini isiyokatika kwa saa 10 ilikuwa ndoto, sembuse umeme.

Lakini furushi lilikuwa na fadhila moja ambayo laini haikuweza kuidhulumu: liliingia katika sahani moja ya CD. Likishapatikana Nairobi, laweza kupanda matatu pamoja na abiria, likashuka Embu mjini, likafika Runyenjes, likawekwa katika kompyuta ya shule, kisha ya parokia, kisha ya chama cha ushirika, bila ya kutozwa hata senti moja ya intaneti njiani. Fundi aliyekuwa nalo alikuwa na hazina. Aliyesasisha alijua amesasisha lini, amepata nini, na ni nani wa kumuuliza mambo yakiharibika. Kazi ilikuwa na mwanzo na mwisho.

Kuharibika nako hakukuwa mbali. Furushi la sita la Windows NT, la mwaka 1999, liliwafungia watumiaji wa kawaida njia ya kutumia Lotus Notes, programu iliyotegemewa na maofisi mengi wakati huo, hata ikabidi litolewe jingine la kulirekebisha mnamo Novemba. Furushi la tatu la XP lilipotoka, baadhi ya kompyuta za HP zenye kichakata cha AMD zilianguka katika mzunguko wa kujizima na kujiwasha bila ya kikomo. Ndipo mafundi wenye busara wakajizoeza kungoja: wacha wengine watangulie, tuone watakavyorudi. Na palikuwa na woga wa namna nyingine, usiotajwa hadharani, maana kompyuta nyingi za mitaani ziliendeshwa kwa nakala zisizolipiwa. Na kwa kuwa furushi la kwanza la XP lilikataa kuwekwa juu ya nakala zilizofunguliwa kwa namba za siri zilizovuja, watu wakakata shauri kwamba kusasisha ni kujipeleka kituoni kwa miguu yako. Wakazima masasisho yote, ya usalama yakiwemo. Desturi hiyo imeishi kuliko mfumo ulioizaa.

Ukimwuliza mwenye saiba leo anatarajia nini kwa sasisho, hatakutajia rangi mpya wala vitufe vya duara. Atataka asubuhi baada ya kusasisha printa ichape kama ilivyochapa jana, faili la mteja liwe pale lilipoachwa, na mashine isiwe nzito zaidi. Anatarajia, kwa maneno mengine, kwamba hakuna kitu kitakachoonekana. Na hapa ndipo penye tafauti baina yake na mtengenezaji, ambaye hupenda kazi yake ionekane na kusifiwa, na kwa hiyo huchanganya dawa ya lazima na mapambo ambayo hayakuagizwa na mtu. Jambo la kupoteza mafaili si dhana tupu. Oktoba 2018 Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10, na siku chache baadaye ikalisimamisha, kwa sababu baadhi ya watu walikuta nyaraka zao zimefutwa. Mtu akishafikwa na hilo mara moja, au akilisikia kwa jirani tu, hatarudi kuamini kwa tangazo la kiooni.

Furushi la namba, lakini, halipo tena. La mwisho kwa kompyuta za watu wa kawaida lilikuwa la Windows 7, la Februari 2011. Kuanzia Windows 10, iliyotoka Julai 2015, masahihisho ya kila mwezi, yajayo Jumanne ya pili, ndiyo yaliyobaki, na mara mbili kwa mwaka au mara moja huja toleo zima. Na mwanzoni mwenye toleo la nyumbani hakupewa khiyari yoyote ya kuyaahirisha. Hoja ya kampuni ilikuwa na uzito. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu na kudai fidia, kikalemaza hospitali za Uingereza, ilhali sahihisho lake lilikwisha kutolewa Machi. Na wengi wa walioathirika walikuwa wakitumia Windows 7, mfumo uliokuwa bado unahudumiwa, si XP iliyoachwa tangu Aprili 2014. Kwa hiyo nakubali kwamba mtu hapaswi kuachiwa mlango wazi kwa sababu tu hakupenda kusumbuliwa.

Nisichokubali ni dhana iliyojificha chini ya mpango huo: kwamba kila kompyuta ina laini ya kudumu, yenye kasi, isiyolipiwa kwa kipimo. Katika mji kama Runyenjes, mwenye kipakatalishi aghalabu huunganisha kwa simu yake, na bando alilonunua kwa ajili ya kazi ya siku laweza kunywewa lote na sasisho lililoanza kujipakua kimyakimya wakati yeye anaandika barua. Gharama ya sahihisho la kosa la mtengenezaji huangukia mfuko wa mtumiaji. Furushi la zamani, pamoja na uzito wake, lilikuwa na heshima zaidi kwa watu wa bara na vijijini kuliko mkondo huu wa kila mwezi, na waliolizika hawakuuliza wanamwondolea nani urahisi.

Ziko njia za kujihami, na ajabu ni jinsi zinavyojulikana na wachache. Tangu mwaka 2016 Windows 10 hukubali kuelezwa saa za kazi, ili isijiwashe upya ndani yake, na tangu 2019 hata mwenye toleo la nyumbani aweza kusimamisha masasisho kwa siku 35. Mwenye saiba anayeitumia haki hiyo kabla ya msimu wa kodi, na kuyaachilia masasisho usiku wa tarehe 1 Julai, atakuwa amejiepusha na fedheha nyingi. Mtandao wa simu waweza kuandikwa katika mipangilio kuwa ni wa kulipiwa kwa kipimo, na mfumo ukajizuia kupakua mengi. Penye kompyuta kadhaa katika chumba kimoja, moja yaweza kupokea sasisho na nyingine zikachota kwake badala ya kila moja kwenda ng'ambo. Aidha sasisho la kila mwezi limekusanya ndani yake yaliyolitangulia, na Microsoft huliweka katika katalogi yake wazi kwa yeyote, basi fundi aweza kulipakua mara moja penye intaneti nzuri, akalitia katika flashi, na kuirudisha ile desturi ya sahani ya CD kwa sura nyingine.

Tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma. Mrithi wake, Windows 11, hudai kichakata cha miaka ya karibuni na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, masharti ambayo kompyuta nyingi zilizokwisha tumika ng'ambo, zile tunazoziita ex-UK na zilizojaza saiba na maabara za shule zetu, hazitimizi ijapokuwa bado zina nguvu za kazi. Watumiaji binafsi wamepewa njia ya kupokea masahihisho ya usalama hadi Oktoba 2026, kwa kulipa dola 30 au kwa kukubali mipangilio yao ihifadhiwe katika akaunti ya Microsoft, bali muhula huo ni mfupi kwa mtu ambaye bado anarudisha mkopo alionunulia mashine hizo. Mifumo ya Linux, mathalani Ubuntu, hukubali kompyuta za umri huo bila ya malipo, na toleo lake la muda mrefu husasishwa kwa miaka 5. Wenye saiba wanaosita hawasiti kwa ujinga: mteja ataingia na flashi yenye faili la Word lililopangwa na mwalimu mkuu mwenyewe, atataka litoke katika karatasi kama lilivyo, na nyuma yake kuna foleni.