Tuisome kasoro kabla ya kuufuta mfumo

Kuna mazoea ambayo, kwa maoni yangu, walimu wa somo la tarakilishi hawana budi kuyakomesha. Mfumo wa Linux ukipandishwa toleo, na programu iliyokuwa ikitumika jana ikagoma leo, mtu hufuta kila kitu na kuanza upya. Huko ni kuchoma nyumba kwa sababu ya panya. Mwanafunzi anayefunzwa hivyo hajui kasoro ilitoka wapi, wala hataitambua itakaporudi.

Kwanza tuelewe ni nini hubadilika. Kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alikianzisha mwaka wa 1991, kina kanuni mashuhuri: toleo jipya lisivunje programu zilizokuwa zikifanya kazi. Aghalabu, basi, lawama si za kiini bali ni za vile vinavyokizunguka: maktaba za programu, lugha za programu na faili za mipangilio.

Chukua mfano wa lugha ya Python. Toleo lake la 3 lilitoka Desemba 2008, na huduma kwa toleo la 2 zikakoma rasmi Januari 1, 2020. Debian 12, iliyotolewa Juni 2023, haina tena toleo hilo la 2 katika hazina yake. Tuseme shule ina programu ndogo ya kukokotoa alama, iliyoandikwa zamani, ambayo mstari wake wa kwanza unataja python kuwa mkalimani wa kuifasiria mashine. Baada ya mfumo kupandishwa na mabaki ya kale kuondolewa, programu ikiitwa, jibu ni kwamba faili inayohitajika haikupatikana. Mwalimu hudhani kazi yake imepotea, ilhali faili ipo mbele ya macho yake. Asiyekuwapo ni mkalimani. Atakayeulinganisha ujumbe huo na mstari ule wa kwanza atayajua hayo kwa dakika chache. Akitaka ushahidi, afungue kumbukumbu zilizo katika /var/log/apt, ambamo mfumo huandika kila kilichowekwa na kilichoondolewa, pamoja na tarehe na saa.

Hiyo ni kasoro inayosema. Inayonitia hofu ni ile inayonyamaza. Mwalimu hurekebisha mstari wa kwanza ili python3 itumike, huongeza mabano kwenye amri za kuchapisha, programu ikaamka naye akafurahi. Lakini katika toleo la 2, nambari nzima ikigawanywa kwa nambari nzima, sehemu inayosalia hukatwa na kutupwa. Mwanafunzi aliyepata alama 59, 60 na 60 ana jumla ya 179. Igawanye kwa 3: toleo la 2 hutoa 59, hali toleo la 3 hutoa 59.67 kwa desimali mbili, ambayo ikikadiriwa huwa 60. Ikiwa 60 ndiyo mpaka wa gredi, basi alama zile zile zimempa mtoto gredi mbili tofauti, wala hapana onyo lolote lililotokea. Tena tazama: hapa toleo jipya halikuharibu kitu, bali limefichua dhuluma iliyokuwapo miaka yote. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu waigeuze kila hitilafu ya namna hii kuwa kipindi cha darasani. Nakala ya akiba iwekwe kabla ya mfumo kuguswa. Baadaye programu ipimwe kwa hesabu ambazo majibu yake yamekwisha kupatikana kwa mkono. Jambo moja tu libadilishwe kwa wakati, na kila hatua iandikwe daftarini. Nanyi wanafunzi, msimwachie fundi kazi hiyo. Muulizeni ni nini kilichobadilika, na msiridhike mpaka awaonyeshe. Gredi inayokokotolewa humo huenda ikawa yenu.